Msiwapime kwa Macho: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Shule za Bweni

Ndugu wakuu wa shule, matroni na patroni, walimu wa unasihi, pamoja na ninyi mnaowasimamia katika TAMISEMI na katika Wizara za Elimu na Afya,

Nawaandikia kuhusu magonjwa ambayo wanafunzi wenu wanaugua huku mkiwaona kila siku, na ambayo ni nadra kuandikwa katika daftari la zahanati ya shule. Kuna msichana anayejinyima chakula mpaka mwili unaanza kujila wenyewe, na kadiri anavyopungua ndivyo anavyozidi kuamini kwamba bado hajapungua. Madaktari huuita ugonjwa huo anoreksia. Kuna anayekula kingi kwa pupa na kwa siri, akashindwa kujizuia, kisha akajitapisha au akameza dawa za kuharisha ili kufuta alichokula. Hiyo ni bulimia. Na kuna anayekula kwa kupindukia namna hiyo hiyo na kwa aibu ile ile, wiki baada ya wiki, bila kujitapisha. Haya matatu ndiyo yanayojulikana zaidi katika kundi la maradhi ya ulaji. Shirika la Afya Duniani limeyaorodhesha katika toleo la 11 la mwongozo wake wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Ombi langu kwenu ni moja: acheni kuyatafuta magonjwa haya kwa macho na kwa mizani, anzeni kuyatafuta kwa kuuliza.

Macho yanawadanganya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni historia yetu wenyewe. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, kukonda kulipata maana ya kutisha tangu miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliupa ugonjwa huo jina la wembamba kabla sayansi haijauelewa. Tangu hapo msichana akikonda ghafla watu hunong'ona, na mganga wa zahanati huagiza vipimo vya VVU, kifua kikuu na minyoo. Anafanya sawasawa, vipimo hivyo ndivyo vya kuanzia, na kisukari nacho kichunguzwe. Kosa huja majibu yakitoka safi. Mtoto hurudishwa bwenini na vidonge vya vitamini, faili hufungwa, na hakuna aliyemuuliza anakula nini, anakula lini, na asipokula ni kwa nini. Sababu ya pili ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawajakonda hata kidogo. Anayeugua bulimia kwa kawaida ana uzito kama wa wenzake. Anayekula kwa kupindukia mara nyingi ni mnene, na kwetu unene wa kijana bado husifiwa: umenawiri, kwenu mnakula vizuri. Naye aliyekuwa mnene akapungua kilo nyingi ndani ya muhula mmoja kwa kujinyima husifiwa hata zaidi, wakati moyo wake unaweza kuwa katika hatari ile ile ya yule ambaye mbavu zake zinahesabika. Mwili unaoporomoka kwa kasi uko hatarini popote ulipoanzia.

Dalili za mwilini zipo, ila ziko mahali ambapo mizani haifiki. Tazameni meno ya mbele kwa upande wa ndani, ule unaoguswa na ulimi. Asidi ya tumboni ikipita hapo mara kwa mara huyala meno, yakawa membamba, ya manjano, yenye kuuma kwa chai ya moto na maji baridi. Ndiyo maana daktari wa meno huweza kuitambua bulimia kabla ya daktari mwingine yeyote. Tazameni mashavu, chini ya masikio: tezi za mate huvimba pande zote mbili, mtoto akaonekana ana matumbwitumbwi yasiyoisha, tena bila homa. Tazameni vifundo vya vidole, penye sugu au makovu yaliyoachwa na meno. Alama hiyo imebeba jina la Gerald Russell, daktari wa London aliyeieleza bulimia kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1979. Bwaloni, matroni makini atamwona anayegawa nyama yake kwa wenzake kila inapopikwa, anayemega tonge vipande vidogo na kuusogeza ugali ukingoni mwa sahani mpaka kengele inalia, anayeelekea chooni kila mara mlo ukiisha, anayevaa sweta saa nane mchana wakati wenzake wanajipepea kwa madaftari. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha kitu likiwa peke yake. Kila moja ni sababu ya kukaa na mtoto faraghani na kumuuliza.

Na yanayoendelea ndani ni makubwa kuliko yanayoonekana. Kutapika na kuharisha humaliza potasiamu, madini ambayo moyo huyategemea ili upige kwa mpangilio. Yakishuka sana, moyo unaweza kwenda mrama na kusimama, hata kwa msichana mwenye uzito wa kawaida kabisa ambaye jana yake alikuwa darasani. Sanamaki inayouzwa sokoni kama chai ya kupunguza tumbo, na vidonge vya kuharisha vya dukani, hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshasharabiwa. Kinachotoka ni maji na madini, na mizani inayosoma chini asubuhi imepima upungufu wa maji tu. Kwa anayejinyima, mwili hubana matumizi: mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka, mikono na miguu hupoa, malaika huota mgongoni na mashavuni, hedhi hukata. Hedhi ikikatwa na njaa, homoni inayolinda mifupa nayo imepungua, na hilo hutokea katika miaka ile ile ambayo mifupa ingekuwa inaweka akiba ya maisha yote. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 36 za vifo vya wagonjwa hawa. Wenye anoreksia walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya kile kinachotarajiwa kwa watu wa umri wao, na kati ya kila vifo vyao vitano kimoja kilikuwa cha kujiua. Ni machache sana miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua kiasi hicho.

Hata kurudi kwenye chakula kuna hatari yake, na hapa nataka wauguzi wanisikilize kwa makini. Mwili uliozoea njaa ukishushiwa chakula kingi kwa mara moja, fosfeti katika damu huporomoka, na moyo na misuli ya kupumua inaweza kushindwa kazi. Wauguzi wetu wanalijua hili kuliko wenzao wengi wa nchi tajiri, kwa kuwa ndilo linalowafanya waanze na maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kabla ya kumhamishia kwenye F-100. Maarifa hayo yako wodini tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuyavusha kutoka kitanda cha mtoto wa miaka miwili hadi kwa msichana wa kidato cha tatu ambaye shuleni anaambiwa aketi mezani na asiondoke mpaka amalize sahani yote.

Kuna mnaosema, na wazazi wengi wako upande wenu, kwamba huu ni ukaidi au maringo ya mtoto aliyeshiba. Akichapwa au akinyimwa simu atakula. Kwa hoja hii sina jibu bora kuliko jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944. Profesa Ancel Keys aliwachukua wanaume 36, vijana wenye afya njema ya mwili na akili, waliojitolea kwa hiari ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokuwa wanakufa njaa katika Ulaya ya vita. Kwa wiki 24 walipewa takribani nusu ya chakula walichohitaji, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyekuwa na maringo kati yao. Lakini walianza kuwaza chakula mchana kutwa na kukiota usiku, wakasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, wakalamba sahani, wakaurefusha mlo mdogo mpaka wenye kuwahudumia wakachoka kusubiri. Walijitenga na marafiki, wakawa na huzuni na hasira za haraka, wakasikia baridi wakati wa joto. Walipofunguliwa chakula, baadhi yao walikula kwa kupindukia kwa miezi, wakiwa wameshiba na bado hawaridhiki. Kitabu cha matokeo, chenye juzuu mbili, kilitoka mwaka 1950. Sehemu kubwa ya kile mnachokiita ukaidi wa msichana huyu ilionekana kwa watu wazima waliokuwa hawana ugonjwa wowote siku walipoingia. Njaa yenyewe hubadili fikra, na fikra zilizobadilika huendeleza njaa. Ukimchapa mtu aliyenaswa katika mzunguko huo unamwongezea sababu ya kuficha.

Ni kweli kwamba njaa peke yake haielezi kila kitu, maana wanaume wale hatimaye walirudi kula, na msichana mgonjwa hawezi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mwelekeo wa kupata anoreksia hurithiwa, na mwaka 2019 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya wagonjwa karibu 17,000 walibaini maeneo manane ya vinasaba yanayohusiana nayo, mengine yakigusa namna mwili unavyotumia chakula. Lakini mwelekeo wa kurithi unahitaji kichocheo, na kichocheo kinachojulikana vizuri kuliko vyote ni kujinyima chakula kwa ajili ya kupunguza mwili. Katika jimbo la Victoria, Australia, wanafunzi karibu 2,000 walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Wasichana waliojinyima vikali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa ulaji kuliko wasiojinyima. Waliojinyima kwa kiasi, mara 5. Mlezi yeyote wa bweni anajua jinsi mashindano ya kuacha chai ya asubuhi yanavyoenea kitanda hadi kitanda muhula ukiwa mpya. Mashindano hayo yasichukuliwe kama mchezo wa wasichana.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Lina msingi kidogo, nami sitaufunika. Katika tafiti chache zilizofanywa barani Afrika, anoreksia ile ya hofu ya unene imeonekana kwa nadra. Lakini anayejenga sera juu ya unadra huo asome kwanza yaliyotokea Fiji. Katika visiwa hivyo mwili mnene ulisifiwa kama unavyosifiwa kwetu, na mtu kupoteza hamu ya kula kulizitia jamaa zake wasiwasi. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapima wasichana 63 wa sekondari wiki chache baada ya hapo, kisha wengine 65 mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema amejitapisha ili apungue; miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Waliopata alama za kutia shaka kwenye dodoso la ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na asilimia 74 walisema hujiona wanene kupita kiasi. Idadi ya wasichana ni ndogo, na hawakuwa wale wale mara zote mbili. Kwa hiyo siyachukulii matokeo haya kama sheria ya dunia nzima. Ninachukua hili: utamaduni wa kusifu unene haukuwakinga, na miaka mitatu ilitosha. Na hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni tu. Wasichana wetu wana simu inayowaonyesha miili iliyosuguliwa kwa programu za picha, kisha ikawauzia dawa ya kuufikia mwili huo kwenye ukurasa ule ule. Na Tanzania yenyewe haikuachwa: utafiti wa wasichana na wanawake 214 wa hapa, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta dalili za maradhi ya ulaji miongoni mwao, na zikihusiana na kukutana kwao na vyombo vya habari.

Ushahidi wa Ghana unanigusa zaidi, kwa sababu unafanana na shule zetu mpaka kwenye sare. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 668 katika sekondari mbili za kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Kumi walikuwa wamekonda kwa kiwango cha hatari pasipo sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hakuna aliyetaja umbo wala unene. Wote kumi walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini: kufunga, kujitawala, kuushinda mwili. Daktari aliyefundishwa kutafuta hofu ya unene angewaruhusu wote kumi waende zao. Sasa fikirieni shule zetu, zenye vikundi vya maombi vya kufunga wiki nzima, Kwaresima, Ramadhani, na funga za Jumatatu na Alhamisi. Sisemi neno dhidi ya saumu. Ni ibada, na kwa mamilioni ya watu wenye afya ni baraka. Nasema kwamba ugonjwa unaweza kujificha nyuma yake, na kwamba dini zenyewe zimeshaweka mipaka. Uislamu unampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Sheria ya Kanisa Katoliki inawafunga kwa mfungo watu wa miaka 18 hadi 59, maana yake wanafunzi wengi wa sekondari hawamo kabisa. Ustadhi au padri anayehudumu shuleni akimwambia msichana kwa upole kwamba hatakiwi kufunga akiwa katika hali hii, neno lake litamfikia kuliko la daktari. Mwingizeni katika mpango wa kumsaidia mtoto tangu mwanzo.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi yenye watoto waliodumaa haina nafasi ya kushughulikia wanaokataa chakula kilichopo mezani. Nauelewa uchungu wa hoja hiyo. Lakini njaa na maradhi haya si wapinzani wanaogombea bajeti moja. Mwaka 2017 watafiti wa San Antonio, Texas, waliwachunguza watu wanaopokea msaada wa vyakula, wakakuta kwamba kadiri mtu alivyokosa uhakika wa chakula ndivyo ulaji wa kupindukia ulivyozidi. Jambo hilo halishangazi kwa aliyewasoma wanaume wa Minnesota: anayenyimwa, kwa hiari au kwa umaskini, akikipata chakula hushindwa kuacha. Mwanafunzi aliyetoka nyumba ya mlo mmoja kwa siku, akafika bweni ambako ugali na maharage vinakuja kwa kengele, anaweza kuugua bila kuwahi kuona jarida la mitindo. Na ninachokiomba hakihitaji jengo wala mashine. Kinahitaji dakika kumi za muuguzi na mlango unaofungika.

Wasiwasi mwingine ni kwamba tukiyataja tutawafundisha. Wasiwasi huu una ukweli ndani yake, nao ndio unaonifanya nipinge vipindi vya shule nzima vinavyosimulia mbinu za wagonjwa, kutaja kilo zao na kuonyesha picha za waliokonda. Msichana aliye hatarini huondoka na mafunzo. Lakini kumuuliza mtu mmoja mmoja, bila kutaja mbinu wala namba, ni jambo jingine kabisa. Zipo pia programu za vikundi vidogo, kama ule mpango wa Body Project ulioanzia Marekani, ambamo wasichana wenyewe hujadili na kuukosoa mwili bora unaouzwa kwao. Majaribio mengi yameonyesha kwamba zinapunguza hatari. Cha kuangalia ni namna ya kusema. Kunyamaza hakujamkinga yeyote, kwa kuwa simu haijanyamaza.

Nifike kwenye unene, kwa sababu hapo ndipo nyie wa Wizara ya Afya mnaweza kudhuru mkiwa na nia njema. Takwimu za kitaifa za 2015–16 zilionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene, na kisukari na shinikizo la damu vinaua watu wetu. Kampeni dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza ni halali na nina furaha ipo. Lakini ikishuka shuleni ikawa kupima wanafunzi mstarini na kusoma kilo kwa sauti, mwalimu wa michezo kumwita mtoto bonge mbele ya wenzake, au kutangaza shindano la kupunguza kilo, hamtapunguza unene wa yeyote, na mtakuwa mmewasha kichocheo kile cha Victoria. Pimeni faraghani, na namba ibaki kati ya muuguzi, mtoto na mzazi. Ongezeni mboga na matunda bwaloni, ongezeni muda wa michezo kwa wote, ondoeni soda dukani. Hatua hizo zinamfaa mnene na mwembamba sawasawa, na hazihitaji mtoto hata mmoja auchukie mwili wake. Msiwasahau wavulana pia. Wapo wanaojinyima, na wapo wanaotaka kifua kipana, wenye kula poda za dukani na kufanya mazoezi mpaka wanazimia. Aibu yao ni kubwa zaidi kwa sababu wameambiwa huu ni ugonjwa wa kike.

Sasa kuhusu kuuliza kwenyewe. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha dodoso la maswali matano mafupi ya kuchuja wagonjwa wa namna hii. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuanzisha uchunguzi. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini msilichukue kama lilivyo, kwa kuwa wale kumi wa Ghana wangeweza kupita humo bila kuonekana. Naomba Wizara ya Afya na wataalamu wa hospitali za Muhimbili na Mirembe na wa vyuo vikuu vyetu watengeneze maswali yetu na kuyajaribu kwanza. Ningependa kuona humo: Je, kuna nyakati unakula ukashindwa kuacha, kisha ukajisikia vibaya sana? Je, huwa unafanya jambo lolote kufuta chakula ulichokula? Je, umekuwa ukiacha milo au kufunga kuliko wenzako, na unapotaka kuacha kufunga unaona hofu? Je, mawazo ya chakula au ya mwili yanakuzuia kusoma au kulala? Je, hedhi yako imekata? Muulizaji awe muuguzi au matroni aliyefundishwa, kamwe asiwe mwalimu wa nidhamu, na jibu lisiende mstarini wala kwenye kikao cha walimu.

Jibu likiwa ndiyo, msimfukuze na msimwandikie barua ya utovu wa nidhamu. Apimwe mapigo ya moyo, shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, na potasiamu; akizimia, akitapika kila siku, au mapigo yakiwa chini sana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisha waiteni wazazi. Kwa vijana wenye anoreksia, tiba yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, ambamo wazazi hushika usukani wa kumlisha mtoto wao kila mlo, kwa uthabiti na bila lawama, mpaka aweze kuushika tena mwenyewe. Hatuna wataalamu wa akili wa kutosha, lakini wazazi, shangazi na bibi tunao, na kula pamoja katika sinia moja hatujakusahau. Tiba hiyo haiwezekani mtoto akiwa bwenini kilomita mia tano kutoka kwao. Kwa hiyo mpeni likizo ya ugonjwa yenye heshima, kama mnavyompa mwenye kifua kikuu, na nafasi yake ya masomo ilindwe. Kwa bulimia, mazungumzo ya tiba yenye utaratibu husaidia wengi, na dawa ya fluoksetini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, husaidia baadhi yao ikitolewa na daktari. Kila halmashauri ina ofisa lishe. Mhusisheni, ajue kwamba kazi yake hapa ni kurudisha milo, si kutoa orodha ya vyakula vya kuepuka.

Akirudi shuleni, mwambieni kila mtu mzima anayekutana naye asitaje mwili wake kwa namna yoyote. Hata neno umenenepa, ambalo kwa bibi yake ni pongezi, kwake wiki ya kwanza linaweza kumrudisha alikotoka. Mwekeni meza moja na matroni anayemwamini, milo yote, na asiachwe peke yake mpaka chakula kitulie. Na kuuliza kunaweza kuanza hata kabla mwanafunzi hajafika shuleni: fomu za uchunguzi wa afya za kidato cha kwanza hutolewa kabla ya Januari, za kidato cha tano kabla ya Julai. Zinauliza kuhusu magonjwa ya mwili. Waziri mwenye dhamana na Katibu Mkuu wake wanaweza kuagiza ukurasa mmoja zaidi uongezwe, na kila shule ya bweni imtaje kwa jina mtu atakayeusoma ukurasa huo na chumba atakachokutana na mwanafunzi.